Uzi: Neno la Kiingereza "flirt" limetoka wapi na lina maana gani hasa? Si kutongoza, na nitaeleza kwa nini

Mwenye uzi

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, kuna neno limenikalia rohoni miezi kadhaa sasa, nimelifukua mpaka nimefika chini na leo nataka nilimwage lote hapa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya kitalii. Akapewa barua ya onyo, imeandikwa kwa Kiingereza, na ndani kuna mstari unasema amekuwa akifanya "flirting" na wageni. Akaja nayo nyumbani analia. Wazee wakaniita mimi niisome manake ndo wanajua nafanya kazi za kutafsiri. Nikaisoma kwa sauti mbele ya mama mdogo na mjomba, mstari kwa mstari nageuza kwa Kiswahili, nilipofika pale nikasema "amekuwa akitongoza wageni". Sikufikiria hata sekunde mbili, neno lilitoka tu. Mjomba akanyanyuka akatoka nje bila kusema kitu. Mama mdogo akavuta kanga akajifunika uso. Mdogo wangu akanitazama akasema, "kaka, mimi sijamtongoza mtu."

Na alikuwa anasema kweli. Barua haikusema hivyo, mimi ndo niliyesema.

Sasa tuanze na sisi wenyewe. Kutongoza ni nini? Kutongoza kuna ombi ndani yake. Unamtokea mtu, unamwaga sera, unapiga saundi, na mwisho wa yote kuna swali hata kama hukulitamka, na mwenzio anatakiwa alijibu, akubali au akatae au aseme nipe muda nifikirie. Ndo maana kwa Kiswahili tunasema vizuri kabisa "alimtongoza akakataliwa", na mtu hawezi kukataliwa kitu ambacho hakukiomba. Sasa chukua flirt uiweke hapo. Mwingereza akisema fulani alikuwa ana-flirt na fulani, hakuna swali lililoulizwa wala jibu linalosubiriwa. Kuna jicho limetupwa likarudi, kuna neno la utani lenye ncha tamu, kuna kicheko kilichozidi kidogo. Ukimkamata mwenyewe ukamuuliza "unanitaka?" anaweza kusema hapana, tunaongea tu, na asiwe amedanganya.

Na hii tofauti sijaitunga mimi, iko kwenye mizizi ya neno lenyewe. Flirt linaonekana kwenye maandishi ya Kiingereza karne ya 16, na wakati huo halikuwa na uhusiano wowote na mapenzi. Lilikuwa na maana ya kufyatua. Yaani kitu kidogo unakirusha kwa ncha ya kidole, kwa mshtuko wa ghafla, tii, kimeenda. Lilikuwa pia na maana ya kumrushia mtu kejeli au kumpandishia pua kwa dharau. Wataalamu wa asili za maneno wengi wanaona limezaliwa kutokana na sauti yake tu, liko kundi moja na flick, flip, flap, flutter, yote yanaanza vilevile na yote ni mambo ya kuruka, kupiga bawa, kuchomoka. Sisi tunalo la kwetu ambalo ukilitamka unasikia kitendo chenyewe, kufyatua. Mtoto akicheza goroli, kidole gumba kinavyochomoka kutoka kwenye kidole cha shahada, kwa Kiingereza cha zamani hiyo ndo flirt.

Na maana hiyo haijafa. Fungua vitabu vya Kiingereza vya kutambua ndege, utakuta wanaandika ndege fulani "flirts its tail", yaani anachapua mkia, anauinua na kuushusha harakaharaka. Ndege hamtongozi mtu pale, yuko juu ya jiwe peke yake.

Kutoka kwenye kufyatua wakaenda kwa mtu asiyetulia. Mwanamke anayechomoka huku akatokea kule, mwepesi, mjuvi wa mdomo, wakamwita flirt. Kwenye tamthilia ya Romeo and Juliet ya Shakespeare, miaka ya 1590 hiyo, yaya wa Juliet anataniwa vibaya na Mercutio, anawaka, anasema yeye si mmoja wa "flirt-gills" wake. Gill lilikuwa jina la kawaida la msichana, kwa hiyo ni kama kusema mimi si wale wasichana wako wepesiwepesi. Angalieni hapo, neno bado linazungumzia wepesi, halijafika kwenye mahaba kamili. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755 akaliweka hivyohivyo, mwendo wa haraka wa kufyatuka, hila ya ghafla, na msichana mjuvi.

Afu ikaja habari ya upepeo. Karne ya 18 wanawake wa tabaka la juu Uingereza walikuwa hawatoki bila upepeo wa mkononi, ule wa kukunja na kukunjua, na kule kuukunjua kwa mshtuko mmoja wa kifundo cha mkono, frrr, walikuita "to flirt a fan". Joseph Addison mwaka 1711 aliandika makala ya kuchekesha kwenye gazeti la The Spectator kuhusu chuo cha kuwafunza wanawake kutumia upepeo kama askari wanavyofunzwa bunduki. Kwa hiyo picha mnaiona, uso uko nyuma ya upepeo, unafunguliwa, jicho linaonekana, unafungwa, jicho limepotea. Karne hiyohiyo ndo neno linatulia kwenye maana tunayoijua, kucheza mchezo wa mapenzi bila kumaanisha kuufikisha mwisho. Kwangu mimi neno halikubadilika sana, bado ni kufyatua, ila sasa kinachofyatuliwa ni jicho na neno badala ya goroli.

Kuna bwana mkubwa mmoja, Lord Chesterfield, mwaka 1754 aliandika kwamba alikuwepo wakati neno "flirtation" linazaliwa, eti lilidondoka kutoka kwenye mdomo mzuri kuliko yote duniani. Kwenye hilo la kuzaliwa alizidisha, neno lilishaandikwa miaka mingi kabla yake. Ila maana aliyoitoa ni sahihi mno, alisema flirtation ni dokezo la kwanza tu la kukaribiana. Dokezo! Mimi nikachukua dokezo nikalisoma mbele ya mjomba kama ombi.

Karibuni wakuu, mwenye nyongeza, mwenye kupinga, wote karibuni.

Mdau wa pili

Mkuu uzi umeshiba. Ila hapo kwenye asili mimi nilifundishwa tofauti, mwalimu wetu wa Kifaransa alituambia flirt limetoka kwa Wafaransa, "fleurette", yaani ua dogo, kwamba mwanaume anamwambia mwanamke maneno matamu kama anamkabidhi maua madogomadogo. Na kweli msemo wao wa "conter fleurette" upo.

Mwenye uzi

Asante mkuu, nilikuwa namsubiri mtu alete hii. Msemo upo kweli na ni mzuri, maana yake kumwambia mtu maneno ya mahaba. Ila ona shida. Kama Waingereza wangelichukua neno likiwa na maana ya maua na maneno matamu, lingeanza kwao likiwa tamu. Halikuanza hivyo, lilianza likiwa kufyatua na kukejeli, mahaba yakaja baadaye sana. Na kitu kingine, Wafaransa wenyewe wanasema "flirter", na hilo walilichukua kutoka kwa Waingereza karne ya 19, pamoja na Wajerumani na "flirten" yao na Waitaliano na "flirtare". Kama lingekuwa la kwao toka mwanzo wasingelikopa tena. Najua hadithi ya maua inapendeza kuliko ya goroli, hata mimi niliipenda siku ya kwanza niliyoisoma, lakini ushahidi haukai upande wake.

Neno ambalo ni la Wafaransa kweli ni "coquette", na hilo linatoka kwa "coq", jogoo. Mnamjua jogoo anavyomzunguka mtetea, bawa moja linaburuzwa chini, kifua mbele. Ndo hapo walipolitoa, na baadaye likahamia kwa wanawake.

Mdau kutoka Nairobi

Hii ni noma, sikuwahi jua hiyo story ya fan. Huku kwetu tuna kukatia, kutupa mistari, na hizo zote ni zenye unasema, mtu anataka jibu. Kukatia dem halafu useme ulikuwa unacheza tu, watu watasema umekataliwa unajitetea. So nakubaliana, flirt ni kitu ingine.

Lakini wacha niongeze upande wa sheria juu hii tofauti si ya kamusi peke yake. 2006 bunge letu lilijadili mswada wa makosa ya kijinsia wenye uliletwa na Njoki Ndung'u. Kuna wabunge wanaume walilia vibaya sana hapo, wakasema hiyo sheria itafanya kutongoza kuwe jinai, sasa wanaume wataoa aje. Sheria ikapita mwaka huohuo, na ukisoma kifungu cha 23 kinashika mtu ako na mamlaka ama ako ofisi ya umma, mwenye anang'ang'ania mtu na mambo ya kimapenzi na anajua huyo mtu hataki. Yaani kuna mamlaka, kuna kurudiarudia, na kuna mtu hataki. Sasa kama bunge nzima lilichanganya kutongoza na kusumbua, wewe kuchanganya kutongoza na flirt ukiwa kwa sitting room na watu wanalia, jisamehe kiongozi.

Mwenye uzi

Asante sana ndugu yangu, umenipa kitu. Ila tofauti ni kwamba wale wabunge walikuwa wanajitetea wenyewe, mimi nilikuwa nasoma kesi ya mtu mwingine ambaye hana mtu mwingine wa kumsomea.

Mdau wa nne

Samahani wakuu naomba kuuliza, na "seduce" je? Hiyo si ndo kutongoza?

Mwenye uzi

Hapana, na hii mimi naona inakosewa vibaya kuliko flirt. Seduce ni Kilatini, "se" ni kando, pembeni, na "ducere" ni kuongoza. Kwa hiyo ni kumwongoza mtu pembeni, kumtoa njiani. Huyohuyo ducere yumo kwenye produce, reduce, conductor wa daladala, wote ni ukoo mmoja. Na mwanzo kwa Kiingereza halikuwa la mapenzi peke yake, lilikuwa la kumvuta mtu aache utii wake kwa bwana wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1797 ilikataza "ku-seduce" askari wa mfalme waache wajibu wao, na ile ya 1934 ikalirudia neno lilelile. Sasa niambie, utasema ni kosa kutongoza askari? Kiswahili tuna neno lililonyooka kabisa, kurubuni. Unamrubuni askari, unamrubuni mtoto wa shule, unamrubuni mke wa mtu. Kuna hila na kuna mtu anatolewa mahali pake. Kutongoza hakuna lazima ya hila, wangapi hapa wametongozwa mchana kweupe kwa maneno ya ukweli na leo wana wajukuu.

Na mkiuliza kuhusu "court", lile la zamani la kumchumbia mtu, limetoka kwenye ua wa mfalme, wale watu wa ikulu waliokuwa wanajipendekeza kwa adabu nyingi. Ndo hilohilo lililotuletea sisi korti. Kwa hiyo mtu akikwambia ana-court na mwingine akikwambia yuko kortini, neno ni moja njia mbili.

Mdau wa nne

Shukrani mkuu. Na mbona Wazungu wanasema "make advances", advance si mshahara unaochukua kabla ya mwezi kuisha?

Mwenye uzi

Ni neno moja, maana yake ya chini ni kusogea mbele. Jeshi linasogea, mshahara unasogezwa mbele ya siku yake, na mwanaume anasogea kwa mwanamke. Kitu kidogo nilichokipenda hapo, ile herufi d haikuwepo, Wafaransa waliwapa Waingereza "avancer" bila d, Waingereza wakaichomeka karne ya 16 wakidhani neno linaanza na "ad" ya Kilatini. Hawakuwa sahihi na imebaki hivyo mpaka leo. Na hili la kusogea ndo angalau liko karibu na kutongoza, sababu unaposogea unamlazimu mwenzio aamue, asimame au arudi nyuma.

Mdau kutoka Mombasa

Salamu aleikum wanangu. Mimi ni mtu mzima, nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Haya mambo ya upepeo mnayahadithia ya Wazungu, hata sisi pwani twajua. Mtu hana haja ya kusema. Kuna kurembua macho, kuna kukonyeza, kuna madaha ya mwendo, kuna kuvaa leso yenye jina linalomwendea mtu mmoja tu mtaa mzima, na yeye akilisoma anajua na wewe ukiulizwa wasema nimenunua dukani tu kama watu wote. Hakuna aliyeomba kitu hapo.

Halafu kuna babu anayemwita mjukuu wake mke wangu. Kuna shemeji anayekwambia kaka akisafiri mimi nipo. Mwacheka, chai yanywewa, nani amesema ametongozwa? Hebu mwanangu tuambie, hiyo flirt si utani wetu tu huo?

Mwenye uzi

Wa aleikum salamu mama yangu, shikamoo. Hilo la leso umeniweza, ni lilelile la upepeo, kufungua na kufunga. Tena huko Ulaya kuna maelezo ya "lugha ya upepeo", ukigusa shavu maana yake hivi, ukiufunga maana yake vile, na kumbe sehemu kubwa ilisambazwa karne ya 19 na watengenezaji wa pepeo wenyewe, nyumba ya Duvelleroy ya Paris ikiwemo, walikuwa wanatoa vikaratasi vya maelezo ili wauze. Leso ya kwenu haikuhitaji kikaratasi, maandishi yako hapohapo kwenye nguo.

Ila kwenye utani mama naomba nitofautiane na wewe kidogo kwa heshima. Babu akimwita mjukuu mke wangu, undugu umeshaweka ukuta, wote wanajua haiwezi kuwa, ndo maana inachekesha. Flirt haina ule ukuta. Inachekesha sababu inaweza kuwa. Mlango haujafunguliwa lakini haujafungwa pia, umerudishiwa tu. Ndo maana pia Waingereza wanasema mtu ana-flirt na wazo fulani, au timu ina-flirt na kushuka daraja, yaani imefika karibu kabisa na kitu, imekigusa, haijaingia. Ukiweka utani hapo haikai, na ukiweka kutongoza ndo kabisa, timu gani inatongoza kushuka daraja.

Mdau wa pili

Basi tupe neno mkuu, usituachie hewani. Mimi napendekeza kuchombeza.

Mwenye uzi

Kuchombeza nilikufikiria. Kwa asili ni zuri, ni kutuliza kwa upole. Ila siku hizi hapa Dar ukisema chombezo watu wanafikiria zile hadithi za kikubwa za magazetini, tutakuwa tumemwongezea mtu kesi. Kurembua ni ya macho tu. Madaha ni ya mwili na ya mtu mmoja, hayahitaji mwenzio. Kujichekesha kuko karibu, ila kuna kujipendekeza ndani yake, na mwenye ku-flirt vizuri hajipendekezi.

Kwa mazungumzo ya kawaida mimi nasema "wanataniana kimahaba", ni maneno mawili lakini hayamwonei mtu. Kwenye jambo la kazini kuna neno tunalo kila siku mdomoni na sikuliona lilipokuwa mbele ya pua yangu. Mazoea. "Usiniletee mazoea." "Ana mazoea na wateja." Hilo ndo lile ambalo meneja alikuwa analisema kwa Kiingereza chake, kwamba huyu binti amevuka kipimo cha ukarimu, anacheka na wageni kuliko kazi inavyotaka. Kama ni kweli au si kweli hilo ni jambo jingine, yeye anasema alikuwa anawachangamkia kama alivyofundishwa kuwachangamkia, na mimi namwamini. Kuchangamkia wageni ni sehemu ya kazi ya mapokezi, na mstari uko wapi kati ya kuchangamka na mazoea hakuna aliyemchorea.

Mdau kutoka Mombasa

Mazoea. Hapo sawa mwanangu. Sasa huyo mjomba wako ameambiwa?

Mwenye uzi

Bado mama. Nilimpigia simu akasema mambo ya maneno tuyaache, yameshapita. Kwake yamepita, kwa mdogo wangu hayajapita, akija nyumbani sasa hivi anakaa jikoni na bibi, sebuleni haingii. Kwa hiyo nimeichapa barua yote upya kwa Kiswahili, Kiingereza juu Kiswahili chini, ule mstari nimeuandika hivi: "amekuwa na mazoea yaliyozidi na baadhi ya wageni, ya kuchekeana na kutaniana." Jumamosi naenda nayo. Mjomba anasoma Kiswahili vizuri tu, nitamkabidhi mkononi asome mwenyewe, mimi sisomi tena.